Mafuta Si Dawa ya Mba

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Kuhusu mba, methali hiyo imetuponza. Kichwa kikiwasha na kutoa magamba, tunaambiwa ngozi imekauka, basi tupake mafuta. Huo ni upotoshaji!

Magamba ya manjano yenye mafuta hayaletwi na ukavu. Katika ngozi za karibu watu wazima wote huishi fangasi aitwaye malasezia, na chakula chake ni mafuta. Akistawi, ngozi huvimba na kuwasha, nasi tunajikuna mpaka nywele zinakatika na kung'oka. Kuongeza mafuta ni kumwandalia adui karamu.

Hapa Uganda shule nyingi huwataka wasichana wanyoe nywele. Wakifika chuo kikuu wanazifuga bila kufundishwa kuzitunza. Saluni ndiyo inayokuwa mwalimu: inapaka mafuta, inasuka kwa kuvuta, inafunika vidonda, inapokea pesa. Nywele zikipungua, msichana analaumiwa kuwa mchafu.

Mba si uchafu. Shampuu yenye ketokonazoli huuzwa katika maduka ya dawa. Humpunguza fangasi, na ngozi ikitulia nywele kwa kawaida huota tena. Lakini kusuka kwa kuvuta kukiendelea miaka mingi, kovu hubaki, na penye kovu nywele hazioti.

Enyi wasusi, kichwa chenye vidonda kisisukwe. Nasi wateja, tuache kununua ugonjwa kwa pesa zetu.