Hakuna Nyika Tupu

Tusidanganyane. Fungua tangazo lolote la utalii kuhusu kaskazini ya mbali ya Uswidi, hutakosa maneno haya: nyika ya mwisho ya Ulaya, ardhi isiyoguswa na mkono wa binadamu. Ni maneno matamu na yanauza. Ni uongo pia, na uongo huo umeshawapokonya watu ardhi yao.

Chukua Laponia, eneo la kilomita za mraba zipatazo 9,400 ambalo UNESCO ililiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1996. Kwa mpenzi wa jiolojia, hapo ni darasa lisilo na kuta. Barafu ya zama za kale ilikwangua mabonde hadi yakawa mapana kama mabakuli, ikaacha vilima vya kokoto na maziwa marefu. Milima ya Sarek ina mito ya barafu karibu 100 mpaka leo. Mto Rapa unashuka na matope yake na kuyatandaza kwenye ziwa Laitaure, ukichora delta ambayo wapiga picha huifuata kwa siku kadhaa za kutembea kwa miguu.

Sina ugomvi na mawe. Nina ugomvi na wanaoyasimulia kana kwamba barafu iliyeyuka, pakakaa kimya kwa maelfu ya miaka, kisha akatokea mtalii na begi lake mgongoni.

Wasami walikuwapo, na wapo. Jumuiya tisa za wafugaji wa reindia, wale kulungu wa nchi za baridi, hutumia malisho ya eneo hilo. UNESCO yenyewe ililitambua kwa mambo mawili, maumbile na utamaduni wao. Lakini kwenye mabango, utamaduni huwa vazi la rangi nyekundu na buluu pembeni mwa picha. Hata jina Laponia limetokana na neno ambalo wageni waliwabandika Wasami, na ambalo wengi wao hulihesabu kuwa tusi.

Sasa tazama kilichofanyika kwa jina la utupu. Mwaka 1909 Uswidi ilitangaza hifadhi za kwanza za taifa barani Ulaya, mojawapo ikiwa Stora Sjöfallet, iliyopewa jina la maporomoko makubwa ya maji. Miaka 10 tu baadaye Bunge likayamega maji yale kutoka kwenye hifadhi ili pajengwe bwawa la umeme la Suorva. Bwawa likainuliwa tena na tena, mara ya mwisho mwanzoni mwa miaka ya 1970. Maziwa kadhaa yakamezwa na moja, Akkajaure, ambalo maji yake hupanda na kushuka kwa hadi mita 30. Chini yake kuna makazi ya Wasami, malisho na kingo walizovulia samaki. Waliojenga upya juu zaidi, maji yaliwafuata.

Kwa hiyo ardhi takatifu isiyopaswa kuguswa iligusika mara tu dola ilipohitaji umeme. Hiyo ndiyo kazi ya neno "nyika". Likishaandikwa kwenye ramani, mwenyeji anakuwa mpita njia, na mpita njia haombwi ruhusa.

Wapo watakaosema utalii unaleta pesa, na Wasami wenyewe wanaufanya. Kweli. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona kwa mgeni aliyeambiwa kwamba nyumba haina mtu. Wala hili si jambo lisilowezekana kurekebishwa. Baada ya miaka mingi ya mvutano, tangu 2013 Laponia inaendeshwa na chombo kiitwacho Laponiatjuottjudus, ambacho Wasami ndio wengi kwenye bodi yake. Milima haikuporomoka kwa kukabidhiwa wenyewe.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haki ya kulisoma hili kama habari za mbali. Ngorongoro nayo imo kwenye orodha ile ile kwa maumbile na utamaduni, na tangu 2018, pamoja na volkano ya Ol Doinyo Lengai, ni jiopaki ya UNESCO. Wamaasai waliotolewa Serengeti mwaka 1959 ndiko walikoelekezwa. Tangu 2022 familia zinahamishwa tena, safari hii kwenda Msomera. Serikali inasema ni kwa hiari, wakazi wengi wanakataa. Kote kuwili mwamba unapewa hadhi upesi kuliko mfugaji.

Basi waongoza watalii wa kaskazini waanze na Suorva. Wamsimamishe mgeni juu ya ukuta wa bwawa kabla ya kumpeleka kwenye delta, wamwambie nani alikuwa akiishi chini ya maji yale, kwa majina ya Kisami ya mahali hapo. Akishajua hayo, apige picha zake. Mawe yatakuwa yangali pale.