Umati Huvuta Umati

Wapo wanaoshikilia kuwa mwenye kurusha mubashara michezo ya video hupata watazamaji kwa kadiri ya ustadi wake. Hoja hiyo haina miguu. Machi 2018 Mmarekani Tyler Blevins, ajulikanaye kwa jina la Ninja, alicheza Fortnite na mwanamuziki Drake katika jukwaa la Twitch. Watazamaji wakapita 600,000 kwa wakati mmoja. Je, usiku ule vidole vyake viliongezeka wepesi? Agosti 2019 alihamia Mixer, mali ya Microsoft, na vidole vilevile. Umati mwingi ukabaki nyuma, na Julai 2020 Mixer ikafungwa. Orodha za Twitch zilimtanguliza mwenye watazamaji wengi. Asiye na mtu akazikwa chini, asikoshuka yeyote kumtafuta. Huyo naye huambiwa aongeze bidii!