"Bosi, saruji imepelea"

Simu ya fundi ina saa zake. Inaingia saa nne asubuhi, umeshafika kazini, na inaanza kwa adabu zote: "Habari za kazi, bosi. Huku tunakwenda vizuri, ila saruji imepelea. Mifuko kumi tu." Unatuma. Alhamisi inapelea tena, safari hii ni mchanga, tripu moja. Jumamosi ni nondo. Kila ombi ni dogo, kila ombi lina sababu yake, na hakuna unaloweza kulikataa maana vibarua wamekaa na zege linasubiri. Nimeishi na simu hiyo miaka sita. Na miaka yote sita nilikuwa miongoni mwa wanaosema, tena kwa kujiamini, kwamba mkadiriaji majenzi ni mtu wa maghorofa.

Utaisikia imani hiyo kwenye daladala, msibani, hata kwenye vikao vya harusi: nyumba ya vyumba vitatu haina haja ya mtaalamu, fundi mzuri na jicho lako vinatosha. Mkadiriaji ni wa benki, wa serikali na wa minara ya Posta. Wengine hawamjui kabisa. Ukimtaja wanadhani unamsema mpima ardhi, yule wa bikoni. Mpima anakuonyesha kiwanja chako kinaishia wapi. Huyu mwingine anakuonyesha pesa yako inaishia wapi, na ukubali usikubali, habari hiyo utaipata tu. Swali ni kama utaipata kabla ya kuchimba msingi au baada ya kupaua.

Wanaombeza husema: kuhesabu matofali hata fundi anajua. Kweli, anajua. Tofali la inchi 18 kwa 9 linaingia kama kumi kwenye mita moja ya mraba ya ukuta, na fundi wangu anaipiga hesabu hiyo kichwani huku anawasha sigara. Lakini kuhesabu matofali ni kuhesabu uamuzi ambao umeshafanyika. Ukuta wenyewe kwa nini upo pale? Chukua nyumba ya mita 10 kwa 10. Ina mita za mraba 100, na kuta zake za nje zina urefu wa mita 40. Sasa inyooshe iwe mita 5 kwa 20. Eneo ni lile lile, vyumba ni vile vile, ila kuta za nje zimekuwa mita 50. Kwa kuta hizo za nje umeongeza robo nzima ya msingi, ya tofali, ya linta, ya plasta na ya rangi, na hujapata hata pa kuweka kabati. Hakuna fundi atakayekwambia hivyo, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Yeye amekabidhiwa ramani ajenge.

Ramani yangu mimi niliichukua kwenye simu ya rafiki. Picha ilinivutia: vibaraza viwili, dirisha la kutokeza, paa lenye migongo kama ngamia watatu wamelala. Nyumba ile ina kona 14. Kila kona ni pa kukatia tofali. Kila palipokutana migongo ya paa ni mbao zinazokatwa vipande na bati linalochongwa kwa mshazari, na kile kipande kilichobaki watoto wa jirani wamekwenda kujengea banda la kuku. Hayo yote yaliamuliwa siku niliyosema "hii ndiyo ninayoitaka". Mfuko wa kwanza wa saruji ulikuwa bado haujatoka kiwandani.

Chuo Kikuu Ardhi pale Dar es Salaam kwa miaka mingi kimewafundisha watu hawa chini ya jina la uchumi wa majenzi, na jina hilo lina ukweli kuliko "mkadiriaji". Kukadiria kunamfanya aonekane kama mtu wa kubahatisha. Uchumi ni kuchagua.

Watu wakigundua hesabu imepitiliza, wa kwanza kulaumiwa ni fundi: mwizi, anauza saruji usiku. Wapo wa hivyo, sibishi. Lakini wengi hawakudanganyi, unawalazimisha wakudanganye. Unamwita wa kwanza, anakutajia bei ya kweli, unashtuka. Unamwita wa pili, naye amekwishajifunza: anakutajia ya msingi peke yake, tena ya ufundi tu, vifaa juu yako. Huyo ndiye unayemshika mkono. Kazi umempa aliyekuficha jumla, halafu unashangaa jumla inakujia kwa simu, mifuko kumi kumi.

Na wizi mkubwa zaidi wala hauna mwizi. Ukuta ukijengwa umepinda kidogo, mpiga plasta ataunyoosha kwa udongo wake. Plasta ambayo ingetosha kwa milimita 12 inafika 25. Kwa nyumba yenye mita za mraba 300 za kupigwa plasta, ndani na nje, hizo milimita 13 za ziada ni karibu mita za ujazo 4 za udongo, na kwa mchanganyiko wa moja kwa nne, hapo kuna zaidi ya mifuko 25 ya saruji. Hakuna aliyeiiba. Imeganda ukutani, unaipaka rangi, wageni wanaisifia. Mkadiriaji akija kupima kazi kabla hujalipa, anaushika ukuta kabla ya plasta, na fundi akijua ukuta utashikwa, hutumia timazi.

Najua jibu linalokuja. "Sisi tunajenga mdogo mdogo, mshahara kwa mshahara. Hayo ni mambo ya wenye pesa." Hapa ndipo tunapopotea kabisa. Mwenye pesa akikosea hesabu, anaongeza pesa. Wewe ukikosea, unasimama. Na boma lililosimama linakula. Nondo zilizoachwa zimechomoza zinashika kutu, kozi za juu zinanyeshewa masika baada ya masika, nyasi zinaota sebuleni, na wewe huku mjini unalipa kodi. Tuseme kodi ni shilingi 300,000 kwa mwezi. Miaka sita ni shilingi 21,600,000. Fedha hizo huwezi kuziona kwenye daftari la ujenzi, maana hatuziandiki humo, lakini ni gharama ya ile nyumba sawasawa na bati. Kujenga mdogo mdogo si kosa. Mikopo ya nyumba ni ya wachache na mshahara ndio huo. Kosa ni kuinua nyumba nzima hadi kwenye linta kisha kusubiri, wakati ungeweza kumaliza vyumba viwili, choo na jiko, ukahamia, na zile pesa za kodi zikajenga kilichobaki. Kuipanga nyumba ikue kwa namna hiyo, msingi upi uchimbwe leo na upi usubiri, paa likatwe wapi ili kesho liungwe bila kuvuja, ni kazi ya mkadiriaji akikaa meza moja na mchoraji. Fundi utamwonea ukimtwisha.

Imani kwamba jengo dogo halina haja ya mkadiriaji haiko uswahilini tu. Mwaka 2021 serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa shilingi bilioni 300, sehemu ya mkopo wa trilioni 1.3 wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Gawanya: milioni 20 kwa darasa. Kasi ile ilistahili pongezi na watoto wamekaa kwenye madawati. Lakini milioni 20 kwa kila darasa, nchi nzima? Saruji ya kuvushwa kwa boti hadi Mafia haiwezi kuwa na bei ya saruji inayouzwa karibu na kiwanda cha Wazo Hill. Palipo na mwamba futi mbili chini na palipo na udongo mfinyanzi unaovimba mvua ikinyesha, msingi hauwezi kuwa mmoja. Milioni 20 lilikuwa fungu. Makadirio ni kitu kingine: huanzia kwenye udongo wa mahali na barabara ya kufikia hapo. Fungu likiwa moja kila mahali, penye nafuu litabaki na penye ugumu litapelea, na linapopelea hakuna muujiza. Mwalimu mkuu anachangisha wazazi, au zege linapunguzwa saruji.

Wala tusijione wa peke yetu. Jumba la Opera la Sydney lilianza kujengwa mwaka 1959 michoro haijakamilika, kwa makadirio ya dola milioni 7 za Australia. Lilifunguliwa 1973 likiwa limekula milioni 102. Wao angalau walipata jumba linalopigwa picha na dunia nzima. Mimi kona zangu 14 hazijapigwa picha na mtu.

Na wakadiriaji wenyewe? Nao wana kesi ya kujibu. Wana bodi yao, Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, wana sheria ya mwaka 2010, lakini ukienda Chanika au Kibaha uwaulize watu kama wamewahi kumwona mmoja, watakushangaa. Wamejipanga kwenye zabuni. Mchanganuo wao wa gharama wanauandika kwa Kiingereza cha mikataba, kurasa arobaini, halafu unakabidhiwa fundi aliyeishia darasa la saba na asiye na shida yoyote na hesabu, mradi iwe kwa lugha yake. Mtu akijificha hivyo, asilalamike akiitwa wa maghorofa. Mwenye nyumba ya vyumba vitatu anataka kurasa mbili za Kiswahili, ada ya kutajwa mapema, na mtu atakayekubali kupanda bodaboda kwenda kuona boma.

Mimi nilimpata wa namna hiyo mwaka wa sita, dada wa makamo, amekuja na futi ya mkononi na raba za matope. Hakuanza na kikokotoo. Alizunguka boma kimya, akahesabu kona kwa kidole, akaguna. Kisha akaniuliza, "Kaka, kodi unalipa shilingi ngapi?" Nikamtajia. Akaandika namba hiyo juu kabisa ya ukurasa, kabla ya saruji, kabla ya bati. Dirisha la kutokeza alilifuta. Kibaraza cha pili alikiacha kwenye karatasi, akaandika pembeni: baadaye.

Tulifunga vyumba viwili na sebule. Wiki ya plasta simu ikaingia, saa nne kama kawaida, na safari hii haikuwa ya saruji.

"Bosi, huyu dada kaja tena. Eti anapima mpaka unene wa plasta yangu?"

Nikamwambia ndiyo, na ampe ngazi.