Seva ya akiba isiyojaribiwa haimfai mgonjwa

Usiku mmoja, katika hospitali fulani mjini, seva ya rekodi za wagonjwa ilizimika. Mbele yangu alilala mama aliyepoteza fahamu, nami sikuweza kujua ni dawa gani zinazomdhuru. Seva ya pili ilikuwepo, lakini haikushika kazi. Haikuwa imejaribiwa hata siku moja.

Tusijidanganye kwamba kununua mashine mbili kunatosha. Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu kote nchini, jenereta ya akiba katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ilikataa kuwaka.

Wenye hospitali, zimeni seva ya kwanza makusudi, saa ya utulivu, mafundi wakiwepo na faili za karatasi zikiwa tayari. Heri aibu ya majaribio kuliko matanga.