Simamia Kazi, Usichunge Kiti

Kuna mameneja wanaoamini kwamba mfanyakazi asiyeonekana hafanyi kazi. Tangu janga la korona mwaka 2020, wengi wetu tunaounda programu hapa Nairobi tumekuwa tukifanyia kazi nyumbani, wengine kwa waajiri walio ng'ambo, na meneja wa aina hii tunamjua vizuri. Kwa kuwa hawezi kupita nyuma ya kiti chako, anakuwekea programu inayopiga picha ya skrini kila baada ya dakika chache na kuhesabu umebonyeza kibodi mara ngapi. Kwa maoni yangu huo si usimamizi, ni kuchunga kiti.

Niliwahi kufanya kazi chini ya mpango kama huo. Mwenzetu mmoja alishinda siku nzima na kalamu na karatasi akitafuta ni kwa nini malipo mengine yalikuwa yakiandikwa mara mbili. Aliipata hitilafu na kuiondoa kwa mistari minne tu ya msimbo. Ripoti ya wiki ikasema siku hiyo hakufanya kazi, akakatwa pesa. Kuanzia hapo kila mtu alijua la kufanya: bonyeza kibodi kwa wingi, na matatizo magumu waachie wengine.

Tazama Linux. Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na leo inaundwa na maelfu ya watu walio katika nchi mbalimbali, wengi wao hawajawahi kuonana. Anayetaka kubadilisha kitu hutuma kiraka kwa barua pepe, akieleza tatizo ni lipi na kwa nini suluhisho lake linafaa. Wanaoijua sehemu hiyo hukisoma na kukikosoa. Kikikubaliwa, maelezo yale huhifadhiwa pamoja na msimbo. Hata Git, tunayoitumia kila siku, Torvalds aliiunda Aprili 2005 kwa ajili ya kazi hiyo hiyo. Hakuna anayemuuliza mtu alikaa kwenye kiti saa ngapi.

Siri yao ni maandishi. Saa tatu asubuhi ya San Francisco huwa saa moja jioni Nairobi, na majira yao ya baridi huwa saa mbili usiku. Ikiwa kila uamuzi unafanywa kwenye mkutano wa video, basi kuna mtu wa Nairobi anayekosa chakula cha jioni na familia yake kila siku, na stima ikipotea anakosa uamuzi wenyewe. Uamuzi ulioandikwa ataukuta asubuhi.

Najua meneja atauliza: nitajuaje kama mtu amelala? Gawanya kazi iwe vipande vya siku mbili au tatu, kila kimoja na mwenyewe, na mkubaliane mapema kitaonekanaje kikiisha. Siku ikifika na kipande hakijafika, mpigie simu umuulize amekwama wapi. Mara nyingi utagundua anasubiri jibu la mtu mwingine, pengine lako wewe. Hilo huwezi kuliona kwenye picha ya skrini.

Na kama baada ya hayo yote bado humwamini, usimnunulie programu ya kumpeleleza. Kaeni mzungumze, au muachane kwa heshima.