Mvua zinapojaza malambo: miezi ya kumwangalia mtoto zaidi, Newala na Masasi

Mama, ukisikia habari za watoto kuzama, huenda mawazo yako yanakwenda Ziwa Viktoria au baharini Mtwara mjini. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, ambako mvua ikinyesha maji hunywewa na mchanga. Masasi iko chini ya uwanda, na mito yake mingi midogo hukauka kiangazi. Basi mtoto wetu atazama wapi?

Uhaba huo wa maji ndio unaoleta hatari ya aina yake. Maji yetu huja kwa miezi michache. Hujaza mashimo na malambo yaliyokuwa makavu wiki iliyopita, na humkuta mtoto ambaye hajui kuogelea.

Kwa nini tunalizungumza sasa

Mwezi Desemba 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa ripoti ya dunia nzima kuhusu kuzuia kuzama. Inaeleza kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Tangu mwaka 2000 vifo hivi vimepungua duniani kwa asilimia 38. Katika kanda ya Afrika vimepungua kwa asilimia 3 tu.

Mvua nazo zimekuwa na vituko. Msimu wa 2023/24 ulikuwa wa El Niño, na Mei 2024, wakati wengi walidhani mvua zimekwisha, kimbunga Hidaya kilileta mvua kubwa Lindi na Mtwara. Kwa hiyo usitegemee mazoea peke yake. Sikiliza redioni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA), ambayo hutangaza mwelekeo wa mvua za msimu kabla hazijaanza.

Kalenda ya maji yetu

Oktoba na Novemba. Joto ni kali. Maji yaliyobaki kwenye malambo ni machache, ya vuguvugu na yametulia. Watoto wanatafuta pa kujipoza, na sisi tuko mikoroshoni tunaokota korosho. Walio karibu na Ruvuma wanaona mto umepungua, lakini vidimbwi virefu vinabaki, na mamba wamo humo.

Desemba hadi Februari. Hii ndiyo miezi ya kuangalia zaidi, kwa sababu mambo matatu hukutana. Mvua zimejaza mashimo ya kuchimbia udongo wa matofali, malambo na visima vya kuvunia maji ya mvua. Shule zimefungwa hadi Januari. Na watu wazima tuko shambani kwa kupanda na palizi. Mtoto mdogo anabaki na dada au kaka wa miaka 8, ambaye naye ni mtoto.

Machi hadi Mei. Mito kama Lukuledi huweza kuwa na nguvu. Maji ya mafuriko yanayofika magotini kwa mtu mzima yanaweza kumwangusha mtoto na kumburuta. Asivuke peke yake kwenda shule.

Juni hadi Agosti. Ni baridi, hasa Newala, na watoto hawana hamu ya kuoga. Lakini vidimbwi vilivyoachwa na mvua vina konokono, na hapo ndipo inapoingia hatari ya pili.

Kichocho: hatari isiyoonekana

Huku kusini na pwani kichocho kilichoenea ni kile cha kibofu cha mkojo, tofauti na kile cha matumbo kilichozoeleka kandokando ya Ziwa Viktoria. Mtu mwenye ugonjwa akikojoa majini, mayai huanguliwa, vijidudu huingia ndani ya konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya anayeoga. Hutoka kwa wingi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, jua linapowaka, saa zile zile ambazo watoto wanapenda kuingia majini.

Dalili kuu ni damu kwenye mkojo, hasa mwishoni mwa haja, na maumivu wakati wa kukojoa. Usikubali kuambiwa kwamba ni dalili ya mvulana kukua. Kwa wasichana, kichocho kinaweza kuumiza via vya uzazi, na dalili zake hudhaniwa kuwa ni magonjwa ya zinaa. Dawa yake, praziquantel, hutolewa mashuleni katika kampeni za serikali. Asiyesoma bado anaweza kupata ugonjwa pia, na tangu 2022 WHO inashauri kinga-tiba hii ianze kwa watoto wa miaka 2. Ulizia kituo chako cha afya.

Kama maji ya kuogea nyumbani yanatoka lamboni, yaache siku mbili kwenye chombo kilichofunikwa kisicho na konokono. Vijidudu hivyo hufa. Kuyachemsha pia kunaviua.

Unachoweza kufanya nyumbani

- Funika kisima cha uani kwa mfuniko ambao mtoto hawezi kuuinua. Ndoo na beseni zimwage ukimaliza; mtoto anayetambaa huzama kwenye maji ya kina kidogo sana.
- Mtoto wa chini ya miaka 5 awe chini ya macho ya mtu mzima. Kuzama huchukua dakika chache, na mara nyingi mtoto hapigi kelele.
- Wakati wa palizi, pangeni zamu na jirani. Bibi au mama mmoja abaki na watoto asubuhi wengine wakienda shamba. Bangladesh walitambua kwamba watoto wengi walizama asubuhi, mama akiwa kazini. Wakaweka vituo vya kulelea watoto saa hizo vijijini, na vifo vikapungua sana.
- Pelekeni ajenda kwenye mkutano wa kijiji: mashimo ya matofali yafukiwe au yazungushiwe uzio kabla ya Novemba.

Mtoto akizama

Usiruke majini kama hujui kuogelea. Mnyooshee fimbo au kamba, au mtupie dumu tupu lililofungwa kifuniko alishike. Akishatolewa, kama hapumui, mpulizie pumzi kwanza. Asipoamka, mbonyeze katikati ya kifua mara 30 kisha pumzi 2, na uendelee hivyo huku mwingine akitafuta usafiri. Usimning'inize kichwa chini wala usimkandamize tumbo, maana unapoteza dakika za kumwokoa na matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu.

Hata akizinduka na kuonekana mzima, mpeleke hospitali: Newala, Mkomaindo, Ndanda, popote palipo karibu. Maji kwenye mapafu yanaweza kumletea shida ya kupumua saa kadhaa baadaye.