Mazutu ya barabara: mashine inaweza kusema ukweli, lakini nani atasikiliza?

Mtu anayesafiri kutoka Likasi kwenda Kolwezi anapita katikati ya dunia mbili. Ndani ya uzio wa migodi mikubwa ya shaba na kobalti, kamyo za kubeba mawe zinafuatwa kwa kompyuta saa zote. Wanaokaa kwenye chumba cha uongozi wanajua kila kamyo iko wapi, imebeba tani ngapi, injini ina joto gani na imebakiza mazutu kiasi gani. Nje ya uzio huo, watu wa vijiji wanangojea greda moja ije kutengeneza njia yao mbele ya mvua. Na ikifika, mara nyingi hakuna anayeweza kusema imefanya kazi saa ngapi kwa wiki.

Ufundi ni uleule. Kinachotofautiana ni nani anataka kujua.

Swali hili lina uzito leo kwa sababu makuta ya barabara yanatangazwa kila mara. Programu ya maendeleo ya teritware 145, iliyoanzishwa mwaka 2021, iliahidi shule, vituo vya afya na pia ukarabati wa barabara za mashambani. Mwezi wa Machi 2024, serikali ilitia sahihi makubaliano mapya juu ya mkataba wa Sicomines: dola milioni 324 kila mwaka kwa ajili ya miundombinu, mradi bei ya shaba isianguke sana. Tena kuna FONER, mfuko wa kutunza barabara ulioundwa kwa sheria mwaka 2008, ambao unapata sehemu ya makuta yake kwenye kila lita inayouzwa kwenye pompu. Ni kusema, hata mwenye pikipiki anayetia lita 2 asubuhi amekwisha kulipia barabara.

Kisanduku kinafanya kazi namna gani

Kifaa chenyewe ni kidogo, kinatosha mkononi. Kinafichwa ndani ya mashine na kinaunganishwa na vihisi: kimoja kwenye tanki kinapima mazutu, vingine kwenye injini vinasoma joto, presha ya oili na saa za kazi. GPS inaonyesha pahali mashine iko. Kadi ya simu inatuma habari hizo kwa kompyuta ya ofisi. Pasipo mtandao, kisanduku kinaweka hesabu akilini mwake na kuituma siku mashine inapofika penye mtandao. Kwa wenye uwezo zaidi kuna vya satelaiti.

Ufundi huu si wa jana. Kampuni ya Komatsu ya Japani iliutengeneza mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati wezi kule walikuwa wanaiba mashine za kuchimba na kuzitumia kung'oa mashine za benki za kutolea pesa. Leo watengenezaji wakubwa, Caterpillar ikiwa mmoja wao, wanauza mashine nyingi zikiwa tayari na kisanduku. Tangu 2016 kuna pia kanuni ya kimataifa, ISO 15143-3, inayofanya mashine za kampuni mbalimbali ziweze kusomwa kwenye jedwali moja. Basi kazi yenye greda ya kampuni hii na buldoza ya kampuni ile haina tena kisingizio kwamba hesabu haziwezi kukutana.

Lita 44 kwa siku

Juu ya nini jambo hili linagusa mwananchi? Tuchukue mfano mmoja. Mashine ya kuchimba ya tani 20 inakunywa karibu lita 15 kwa saa ikiwa inachimba kweli. Ikiunguruma tu bila kazi, inakunywa karibu lita 4. Kapita anaandika kwenye raporo: saa 10. Boni ya mazutu inatoka: lita 150. Lakini siku hiyo mashine ilichimba saa 6, na saa 4 ilisimama chini ya mti injini ikiwaka. Hesabu ya kweli ni lita 90 na lita 16, jumla 106. Zimebaki lita 44, zaidi ya bidoni mbili za lita 20, na zimekwisha kutafuta njia ya sokoni.

Mkaguzi akija, atatazama saa ya zamani ya mashine. Nayo itamwonyesha saa 10 kamili, kwani inahesabu injini kuwaka, haihesabu kazi. Raporo inakubaliana na saa, boni inakubaliana na raporo, na kila mtu anatia sahihi. Kwa siku 26 za mwezi, mashine moja imepoteza lita 1144. Zaidi ya hayo, oili inabadilishwa kwa kawaida kila saa 250, kwa hiyo saa za kusimama zinaleta mbele gharama za matengenezo pia.

Kihisi kinavunja mchezo huu kwa sababu kinatenganisha kuunguruma na kuchimba. Tanki likishuka lita 20 kwa dakika tano usiku, kinaandika saa na pahali.

Ndiyo maana kisanduku hakipendwi na wengi. Waya unakatwa na panya anasingiziwa. Kapita anayeuza mazutu, mnunuzi wa barabarani anayeyapata kwa bei ya chini na mkubwa anayepata fungu lake, wote wana sababu ya kutaka kitabu cha mkono kiendelee.

Shofere asiwe mbuzi wa kafara

Lakini kuna upande mwingine. Kihisi kinaweza kukosea. Mashine ikisimama kwenye mteremko, mazutu yanalalia upande mmoja wa tanki na kipimo kinaonyesha pungufu. Katika milima ya Kivu, au kwenye tuta la barabara linalojengwa, hilo linatokea kila siku. Kihisi ambacho hakikupimwa sawasawa siku ya kufungwa, tanki likijazwa hatua kwa hatua, kitadanganya mwaka mzima. Mtu anaweza kupoteza kazi kwa sababu ya mteremko.

Tena, mwizi wa bidoni mara nyingine ni shofere ambaye hajalipwa mshahara miezi mitatu. Kumkamata ni rahisi. Kumwuliza bosi mshahara ulienda wapi ni vigumu, na hakuna kihisi kinachofungwa kwenye meza ya ofisi. Kampuni inayofunga visanduku bila kulipa watu wake itapata visanduku vilivyovunjika.

Sheria inatoa msingi wa kuanzia. Kitabu cha sheria za kazi cha 2002 kinalinda mfanyakazi dhidi ya kufukuzwa bila sababu halali. Sheria juu ya mambo ya kidijitali ya Machi 2023 ina kanuni za kulinda habari za mtu binafsi. Shofere anayefuatwa na GPS ana haki ya kuambiwa kwamba anafuatwa, na kuonyeshwa hesabu mbele ya kuhukumiwa nayo.

Nani anashika neno la siri

Hapa ndipo penye moyo wa jambo. Kisanduku kikifungwa na kampuni ya ujenzi, habari zinaenda kwa mwenye kampuni. Ataokoa mazutu yake, na ni sawa. Lakini serikali, ambayo inalipa kazi kwa makuta ya wananchi, itaendelea kupokea karatasi. Kampuni inaweza kujua vizuri kabisa kwamba greda yake haikutoka kambini wiki mbili, na bado ikaleta faktura ya wiki mbili.

Dawa yake haihitaji mashine mpya. Inahitaji mstari mmoja kwenye masharti ya mkataba: kila mashine inayolipwa kwa makuta ya umma iwe na kisanduku, na Office des Routes pamoja na ofisi ya ukaguzi wa kazi wawe na neno la siri lao wenyewe. Malipo yafuate saa za kazi zilizosomwa, na kipimo cha kilometa zilizotengenezwa. Kwa watu wa kijiji, ingetosha karatasi moja kwa mwezi kwenye ukuta wa ofisi ya chefu: mashine ngapi, saa ngapi, kilometa ngapi.

Kilometa lazima zibaki kwenye karatasi hiyo. Greda inaweza kufanya kazi saa 8 kweli, ikakunywa mazutu yake yote kwa haki, na bado ikaacha njia bila mitaro ya maji. Mvua ya kwanza itaibeba. Kisanduku hakitembei juu ya barabara. Anayetembea ni mama mwenye kikapu cha mihogo, na ni yeye anayejua kama njia inapitika. Hesabu ya kompyuta ikiwekwa ukutani, kwa mara ya kwanza ataweza kuilinganisha na kile anachokanyaga.